Bi Subiri, Aliyekula Kwanza

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mama yetu, poleni na asanteni. Kabla ya yote familia inaomba radhi kwa jambo ambalo wengi wenu mnalitazama na hamjaelezwa. Kitinda mimba wa marehemu, yule fundi cherehani, amekaa kwenye kigoda kando ya jeneza wakati wengine wote wamesimama. Hajakosa adabu, wala miguu haimuumi. Amekaa kwa sababu kabla ya kutoka nyumbani asubuhi hii amekula kijiko kimoja cha chakula alichopika mwenyewe. Kwa nini kijiko kimoja kimkalishe mtu mzima mbele ya kaburi la mama yake, hiyo ndiyo habari yenyewe ya maisha ya marehemu. Wasifu huu uliandikwa jana mchana, maharage yakiwa bado yameloweshwa, na aliyeuandika hakujua leo itakuwaje. Alijua tu kwamba mdogo wake atakaa hapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1949 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, mtoto wa kwanza wa mpagazi wa kinu hicho na mke wake aliyefua nguo za watu. Jina alilopewa siku hiyo limo kwenye cheti, na lilibaki humo humo kwenye cheti. Ukubwani alijulikana kwa jina la Bi Subiri, na jina hilo lilikotoka tutafika. Utotoni aliitwa tu "wewe", kama watoto wote wenye kazi nyingi.

Kwenye ua wa nyuma wa nyumba ile ulitambaa mmea wa maharage meusi, kila punje kubwa kama ukucha wa kidole gumba, yakimeta utafikiri yamepakwa mafuta. Mbuzi hawakuyagusa. Aliyeyapanda ni bibi yake marehemu, mama mzaa baba, aliyeyafuata porini mwaka mmoja wa njaa wakati majirani walipokuwa wakichemsha ngozi za viti. Kwa maharage yale alilea watoto wake wote wakafika mwaka uliofuata. Basi kila aliye wa ukoo huu, pamoja na hawa wanaosukumana hapo nyuma, yupo duniani kwa hisani ya punje zile nyeusi.

Lakini maharage yale yana sumu. Tuseme hivyo bila kumung'unya maneno, maana marehemu hakuwahi kumung'unya. Yanaloweshwa usiku kucha. Yanachemshwa sufuria ikiwa wazi, ili mvuke uondoke na ubaya wake. Maji yanamwagwa kwenye shimo ambalo kuku hawafiki, yanatiwa mengine, yanachemshwa, yanamwagwa tena, na tena. Kisha mpishi anatafuna punje moja, anaiweka nyuma ya ulimi, anangoja. Uchungu usio na neno huja mbele ya ulimi, mara moja, ukaondoka. Ule wa kuogopwa huja nyuma, tena kwa kuchelewa. Ukija, unamwaga tena. Usipokuja, mpishi anakula kijiko kimoja, anakaa kwenye kigoda mlangoni, na nyumba nzima inamwangalia. Hakuna anayenawa mikono mpaka mpishi asimame kwa miguu yake na kusema neno.

Zamani neno lenyewe lilikuwa lolote lile. Mwaka 1959 ndio uliolibadilisha.

Marehemu alikuwa na mdogo wake wa kiume, mtoto wa miaka minne, waliyemwita Kisigino kwa sababu kutwa nzima alimfuata dada yake nyuma nyuma, hata chooni angemfuata kama angeruhusiwa. Siku hiyo mama yao alikuwa kwa wateja wake na bibi alikuwa ameitwa kwa jirani aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Bibi alimwachia mjukuu wake sufuria ya maharage ikiwa imeshamwagwa maji mara moja, akamwambia, "Chochea moto tu. Nikirudi nitamwaga mwenyewe." Bibi akachelewa, mtoto wa watu anazaliwa kwa saa yake. Akafika shangazi, dada wa baba yao, aliyekuwa ameolewa mbali, amechoka na safari na njaa inamsokota. Alikuwa amesahau mengi ya jikoni mwa mama yake. Akauliza akiwa bado uani, anavua viatu: "Imeiva?"

Binti akachukua punje, akaibonyeza kwa vidole. Ikapondeka laini kama viazi. Akajibu, "Imeiva, shangazi."

Hakusema uongo. Ilikuwa imeiva. Akachukua ndoo akaenda kuteka maji ya kunawa, na foleni ya bombani ilikuwa ndefu. Aliporudi alimkuta shangazi amejikunja sakafuni anatapika, na Kisigino amelala kando ya bakuli lake, kimya, midomo imekuwa rangi ya majivu. Shangazi alipona. Kisigino hakupona.

Marehemu alisimulia mara nyingi kwamba hakuna aliyempiga, na kwamba hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote. Angepigwa, yangekwisha. Watu walipita wakamshika kichwa, wakasema "pole, mama", na yeye akawa anangoja kipigo ambacho hakikuja. Alikuwa na miaka kumi. Alikingoja mpaka amekufa, akiwa na sabini na mitano.

Baada ya msiba baba yake alichukua panga akaenda uani kuukata mmea. Bibi akasimama mbele ya ule mmea, mikono mitupu.

"Kata," alisema. "Wa hapa utaukata. Wa porini utakatwa na nani? Njaa haitoi taarifa, mwanangu. Siku moja watoto wa watoto wako watayaona kwenye vichaka, na njaa itawaambia hiki ni chakula. Nani atakayekuwepo kuwaambia 'mwaga'?"

Baba akashusha panga. Bibi akamgeukia mjukuu wake, aliyekuwa amejificha nyuma ya pipa la maji, akamwambia, "Wewe njoo. Utajifunza wewe."

"Naogopa, Bibi."

"Ndiyo maana nakuita. Chungu hiki hakitaki hodari. Kinataka mwoga."

Tangu siku hiyo neno "imeiva" likapigwa marufuku katika ukoo huu, kwa chakula cha aina yoyote. Bibi alisema kuiva ni habari ya moto, na moto haujui sumu. Neno likawa "imekubali". Wali ulikubali, nyama ilikubali, hata ndizi sokoni iliulizwa kama imekubali, na wauzaji wakawaona watu hawa kuwa na kasoro. Wakwe mliooa na kuolewa kwetu mlikuja mkacheka. Wengine mlisahau mkasema lile neno mezani, mkaona vijiko vyote vinarudi chini. Leo mmejua sababu.

Marehemu alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, akiwa amepoteza mwaka mmoja baada ya ule msiba. Alipenda hesabu na alichukia kuimba. Inakumbukwa kwamba mwalimu wa mapishi aliuliza darasa, "Tutajuaje kama chakula ni tayari?" Wenzake wakataja harufu, wakataja mvuke. Yeye akasimama akasema, "Mpishi akishakula na bado yupo." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, na mchana huo, wasema waliokuwepo, hakugusa chakula chake mpaka alipoona mpishi wa shule anapita dirishani.

Mwaka 1968 aliajiriwa kuwa msaidizi wa jikoni katika kantini ya kiwanda cha nguo, na hadi anastaafu mwaka 2004 alikuwa mpishi mkuu. Hakuwahi kupeleka maharage meusi pale. Alipika wali, mboga, mchuzi, vitu ambavyo havijawahi kumdhuru mtu. Lakini kila mchana, foleni ikiwa imefika mlangoni na sahani zinagongwa gongwa, mpishi alikula kijiko chake, akakaa kwenye kigoda, akaitazama sufuria kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua. Watu wakapiga kelele. Yeye akajibu neno moja: "Subiri." Kijana mmoja fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye mdomo mkubwa na tumbo lisilojaa, alipiga kelele kutoka nyuma ya foleni:

"Bi Subiri! Wali haujaua mtu!"

"Bado," alijibu bila kugeuka.

Kantini nzima ikacheka, na jina likamkaa mpaka leo. Aliyelitoa naye hakwenda mbali. Alianza kuja wa kwanza kwenye foleni, kisha akaanza kubaki baada ya foleni, kisha akatengeneza kigoda kipya cha chuma akidai kile cha mti kina kunguni. Ndicho hicho alichokalia binti yao leo. Alipoomba kuoa, Bi Subiri alimkaribisha nyumbani akampikia maharage meusi, akamweleza kila kitu pamoja na habari ya Kisigino, akala kijiko chake, akakaa. Alitaka kuona kama mwanamume huyu ataweza kungoja. Fundi alingoja, akangoja, mwisho usingizi ukamchukua, akakoroma kichwa kikiwa kwenye fremu ya mlango. Bi Subiri alisema baadaye kwamba ndipo alipojua: mtu anayeweza kusinzia mbele ya hofu yake angeweza kuishi nayo. Walifunga ndoa tarehe 18 Novemba 1972, wakajaliwa watoto wawili. Fundi alitangulia mbele za haki mwaka 2009, kwa ugonjwa wa mapafu.

Sasa tuseme kuhusu hao watoto, maana hapo ndipo hofu ya marehemu ilipohamia.

Kifungua mimba, aliyezaliwa 1974, ni fundi magari ambaye hadi leo anaamini hakuna kitu duniani kisichofunguka kwa spana. Hakuogopa mbwa, hakuogopa urefu, hakuogopa kupitisha mkono chini ya injini inayounguruma. Huyo ndiye aliyeuandika wasifu huu na ndiye anayeusoma, kwa hiyo asitegemee huruma. Mara nyingi alimwambia mama yake, "Nifundishe mimi hayo maharage. Nimeshaona unavyofanya. Maji, moto, mwaga, kwisha."

"Umeona," mama yake alijibu. "Hujaogopa."

"Basi niandike, nibandike jikoni, kila mtu asome."

"Karatasi haina ulimi, baba. Itasema 'mwaga mara tatu', na mwaka huo yatataka mara tano."

Akamwacha kifungua mimba na magari yake, akamgeukia kitinda mimba. Huyu alizaliwa 1980, naye aliogopa radi, ngazi, jogoo wa jirani na sindano, akaishia kufanya kazi ya sindano. Alipoitwa jikoni kwa mara ya kwanza, msichana wa miaka kumi na minne, alilia mpaka kwikwi. Alikuwa amesikia habari ya Kisigino. Alisema hataki, hatapika, na akizaa watoto hawatakula kitu cheusi. Mama yake akamfuta uso kwa kanga, akamwambia, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wewe ndiye mrithi wangu." Msichana akakimbia. Na kwa miaka mingi alikimbia: maharage yakiloweshwa, yeye ana nguo ya mteja ya haraka. Bi Subiri akawa anapika peke yake, mara moja moja kila mwaka, ili mikono isisahau, na kila mara akiangalia mlango kama binti atatokea.

Mnamo Julai 2021 marehemu aliugua homa kali kwa majuma kadhaa. Alipona, akarudi kwenye kigoda chake, na watu wakashukuru. Asubuhi moja akamwandalia chai jirani yake muuza mkaa, wakanywa wote wawili. Muuza mkaa alitema chai yote ukutani.

"Bi Subiri, umetia chumvi!"

Bi Subiri akatazama kikombe chake. Alikuwa ameshamaliza.

Akasema anatania, wakacheka, jirani akaenda zake. Yeye akaingia jikoni akafunga mlango. Akalamba chumvi, akalamba majivu, akatafuna pilipili nzima. Macho yalitoa machozi lakini ulimi haukusema kitu. Haya alimweleza binti yake baadaye. Ulimi ule ndio uliokuwa mlinzi wa watu wote aliowapenda. Umekufa, na yeye bado yu hai, na hakuna mtu mwingine anayejua kupika.

Hakumwambia mtu. Mwaka 2022 mjukuu wake mkubwa alipoolewa, ukoo ulikusanyika, na wazee wakaomba yale maharage kama zilivyo harusi zetu zote. Alipika. Alimwaga mara tatu, nne, tano, sita. Alitafuna punje, akangoja, na hakikuja kitu, na hakuweza kujua kama hakikuja kwa sababu hakipo au kwa sababu ulimi wake haupo. Akala kijiko. Akakaa. Watu wakamzunguka wakisubiri neno, watoto wameshika sahani. Wengi mliokuwepo mnakumbuka. Alikaa mno. Alisimama, mkamwona anafungua mdomo, kisha akashika masikio ya sufuria na kuimwaga yote shimoni, mbele ya wageni, na mwiko akautupa humo humo.

Wakasema Bi Subiri amechanganyikiwa. Wakasema uzee. Kifungua mimba wake, yule wa spana, naye alisema hivyo, tena kwa sauti. Kitinda mimba peke yake ndiye aliyemfuata nyuma ya nyumba, akamkuta ameegemea uzio, uso ameuficha kwenye majani ya mmea wake.

"Mama, nini?"

"Ulimi wangu umekufa kabla yangu," akasema. "Nikopeshe wa kwako."

Basi yule aliyekimbia miaka yote hiyo akarudi. Si kwamba hofu ilimwisha. Alikuwa ameona mama yake, ambaye hakuwahi kumwona anaogopa bila kukaa wima, ameinama kama nguo iliyoanguka kambani. Juma lililofuata wakawasha moto pamoja. Binti alitafuna punje baada ya maji ya kwanza, mama akiwa amemkazia macho.

"Unakujaje?"

"Uchungu tu, Mama."

"Uchungu si jibu. Unakuja mbele au nyuma?"

Binti akafumba macho. "Umekuja mbele, ukaondoka. Halafu... umerudi. Kama mtu aliyesahau kofia."

"Huo! Mwaga. Tema, sukutua, mwaga!"

Wakamwaga, wakachemsha. Kofia ilirudiwa tena na tena. Mwishowe binti akatafuna, akaiweka punje nyuma ya ulimi.

"Umerudi?"

"Haujarudi."

"Una hakika?"

"Sina."

"Vizuri. Ngoja tena."

Akangoja. Haukurudi. Ndipo Bi Subiri, ambaye kwake kijiko kile kilikuwa sawa na kijiko cha udongo, akachota na kula, kwa kuamini maneno ya mwanawe tu. Akakaa kwenye kigoda. Binti akapiga magoti mbele yake, akamtazama midomo, akamshika vidole kuona kama vinapoa, moyo unamwenda mbio kuliko cherehani. Amesema kwamba hakuna siku aliyowahi kuogopa hivyo, na kwamba ndipo alipoelewa mama yake alivyoishi.

"Unajisikiaje, Mama?"

"Najisikia kuangaliwa. Hebu sogea, unanizibia hewa."

Mwishowe akasimama, akajinyoosha kiuno, akasema, "Imekubali." Binti akaenda nyuma ya nyumba akalia mpaka akashiba kilio.

Walipika hivyo mara nyingi tangu siku hiyo, ulimi wa mmoja na mwili wa mwingine. Binti alionja, mama alikula, mama ndiye aliyekaa, na neno lilitoka kwa mama. Kila mara binti aliomba akae yeye, na kila mara mama alikataa: "Siku yako ipo, usiikimbilie."

Januari mwaka huu moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Miguu ikavimba, ngazi mbili za barazani zikawa mlima. Alilazwa hospitali, akatoka, akalazwa tena. Alifariki Jumatano tarehe 12 Februari 2025, alfajiri, kitinda mimba akiwa amemshika mkono. Daktari aliyemhudumia ameeleza kwamba ni moyo, na familia inalisema hili waziwazi kwa sababu tunajua yanayonong'onwa tangu Jumatano, mengine yameanzia kwa muuza mkaa, ambaye yupo hapa na tunampenda. Si maharage. Hakuwa ameyala tangu mwaka jana.

Lakini siku mbili kabla ya kufariki alimwita binti yake karibu na mto, akamwambia, "Nikizikwa, utapika."

"Mama, watu hawatakula. Wataogopa."

"Wasile. Kuogopa ni akili. Wewe kula, kisha kaa mahali watakapokuona."

"Na nikikosea?"

Mama akasema, "Ukikosea, utakuwa umekosea juu yako mwenyewe, siyo juu ya mtoto mwenye bakuli. Ndiyo maana ya kigoda. Usiponipikia mimi, hutapika tena, nakujua. Na mmea hauachi kuzaa."

Hayo ndiyo aliyotuachia. Jana, wasifu huu ukiandikwa mezani, kitinda mimba alisimama mlangoni, mikono imelowa, akasema, "Kaka, andika kwamba nimekula. Usiandike kwamba imekubali."

Kaka mtu akauliza, "Sasa mwisho niandike nini?"

"Andika neno lenyewe. Ila usilisome wewe. Nikisimama nitalisema mwenyewe."

Kaka huyo, ambaye mnamjua, na ambaye hakuwahi kuogopa kitu kilicho na injini wala kisicho nayo, amelikagua gari lake mara mbili jana. Limeegeshwa langoni mwa makaburi, pua ikielekea barabara ya hospitali, na dereva hajaruhusiwa kushuka hata kwa kutupa udongo. Mama, kama unasikia: mwanao hodari amejifunza, kwa kuchelewa.

Marehemu alitanguliwa na wazazi wake, bibi yake aliyemfundisha, mume wake fundi, na mdogo wake Kisigino, ambaye tunaamini amempokea akimfuata nyuma nyuma. Ameacha watoto wawili, fundi magari na fundi cherehani, wakwe wawili waliojifunza kusema "imekubali" kwa shida, wajukuu watano, kitukuu mmoja ambaye bado hana meno, na mmea wa maharage meusi kwenye ua wa nyuma, ambao mwaka huu umezaa kuliko miaka yote.

Tukitoka hapa, sufuria iko nyumbani. Anayeogopa asilazimishwe wala asichekwe, aketi na waoga wenzake, maana ndio wenye nyumba. Ila asiulize mtu lile swali la shangazi.

Msomaji ataishia hapa, na atanyamaza mpaka mdogo wake asimame kwa miguu yake mwenyewe. Mstari uliobaki atausema yeye mdogo mtu.

Imekubali, Mama. Pumzika sasa, kusubiri ni zamu yangu.